Trilobiti Akiwa Bado Jiweni: Namna ya Kumtambua na Kumpangia Bei

Karibu na Alnif, kusini mashariki mwa Moroko, wachimbaji hupasua mawe ya chokaa kwa nyundo wakisaka trilobiti, mnyama wa bahari aliyekufa karibu miaka milioni 390 iliyopita. Ni nadra kumwona mzima. Wanachokiona ni mstari mweusi palipopasuka, na mstari huo ndio unaouzwa.

Hatua ya 1. Lowesha palipopasuka, kisha ligeuzegeuze jiwe juani ukitazama kwa lenzi. Maji hukoleza rangi ya gamba. Gamba halisi ni ukanda mwembamba, mweusi au wa kahawia, wenye kingo kali na unene usiobadilika sana. Mishipa ya madini hukatiza jiwe ovyo na mara nyingi ni myeupe. Ukiona vipinde vidogo vinavyofuatana, hizo ni pingili za kiwiliwili. Tao kubwa kando ya pingili hizo ni kichwa.

Hatua ya 2. Fuata mstari hadi mwisho. Mpasuko uliomkata kwa upana huonyesha matao matatu, la katikati na mawili ya pembeni. Mstari ukikatika mapema, shuku. Trilobiti walikuwa wakijivua magamba, ndiyo maana vichwa na mikia mitupu imejaa miambani.

Hatua ya 3. Dai vipande vyote, navyo vifungane bila pengo. Usikwangue kwa msumari, na siki usiiguse kabisa: gamba na chokaa vyote ni kalsaiti, asidi italila gamba pamoja na jiwe.

Hatua ya 4. Sasa bei, na hapa ndipo wengi huumia. Trilobiti aina ya Elrathia kingii wa Utah, Marekani, wako tele na hubanduka jiweni karibu safi, kwa hiyo ni rahisi. Walliserops wa Moroko ana uma wa meno matatu mbele ya kichwa. Fundi humtoa chini ya hadubini kwa kalamu ya upepo na unga unaopulizwa, kazi ya makumi ya saa. Tuseme aliyesafishwa vizuri anauzwa dola 1,000 na fundi anataka 400. Usikimbilie kusema jiwe lina thamani ya 600. Kama uwezekano wa kuwa mzima ni nusu, na aliyevunjika hauziki, matarajio yako ni 500. Toa 400 za fundi, kwani yeye hulipwa hata akikuta kichwa kitupu. Zinabaki dola 100. Zaidi ya hapo unacheza kamari, na muuzaji anajua.

Hatua ya 5. Kagua udanganyifu. Viputo vidogo kwenye "gamba", au rangi iliyo sawa mno, ni dalili za resini.

Mwisho, uliza jiwe limechimbwa wapi, na kibali cha kulitoa nchini kiko wapi. Moroko hudai kibali hicho. Muuzaji akibabaika, mrudishie jiwe lake.