Dakika 15 za mapumziko ni mali ya nani?

Usiku wa mechi kubwa, iwe Kilosa mjini au Mikumi kando ya barabara kuu ya Iringa, mambo ni yale yale. Vibanda umiza vinafurika na vijana wamebanana kwenye mabenchi. Kipindi cha kwanza kikiisha, watu hutoka kupunga upepo, kunywa kahawa na kubishana, na anayetaka kuswali huswali. Dakika hizo, ambazo sheria za soka zinasema zisizidi 15, zilikuwa za mtazamaji mwenyewe. Je, bado ni zake?

Tuchukue mfano wa fainali ya Copa America ya mwaka 2024 kati ya Argentina na Colombia, iliyochezwa Miami, Marekani. Kwa saa zetu ilipangwa kuanza saa 9 usiku wa kuamkia Julai 15. Vurugu za mashabiki milangoni ziliichelewesha kwa zaidi ya saa moja. Mapumziko nayo yalirefushwa hadi kama dakika 25 ili Shakira atumbuize. Kocha wa Colombia, Néstor Lorenzo, alilalamika kabla ya mechi kuwa wachezaji watapoa miili. Hiyo ilikuwa hoja ya kocha. Kwa mtazamaji wa Kilosa kulikuwa na hoja nyingine: tamasha lile liliangukia baada ya saa 11, karibu kabisa na adhana ya Alfajiri. Muda ambao angenyanyuka ndio uliowekewa kitu cha kumfanya asinyanyuke.

Hilo halikuja kwa bahati. Mwaka 1992, fainali ya Super Bowl huko Marekani ilipofika mapumziko, kituo cha Fox kilirusha vichekesho na mamilioni ya watazamaji wakahamia huko. Wenye ligi walishtuka. Januari 1993 wakamleta Michael Jackson. Tangu hapo tamasha la mapumziko limekuwa kamba ya kumfunga mtazamaji, kwa kuwa matangazo ya biashara huuzwa kwa hesabu ya macho yanayotazama. Ndugu msomaji, bidhaa inayouzwa hapo ni jicho lako.

FIFA nayo imeifuata njia hiyo. Julai 13, 2025, Chelsea ilipoifunga PSG mabao 3-0 katika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, kulikuwa na tamasha la mapumziko. Tayari ilikuwa imetangaza kuwa fainali ya Kombe la Dunia ya 2026 nayo itakuwa na lake.

Sasa, mtazamaji ana nguvu gani? Tukio la Februari 1, 2004 lina mafunzo mawili. Justin Timberlake alivuta vazi la Janet Jackson na kifua chake kikaonekana mbele ya watazamaji wapatao milioni 90. Tume ya mawasiliano ya Marekani ilipokea malalamiko zaidi ya 540,000, na kituo cha CBS kikatozwa faini ya dola 550,000. Baadaye mahakama ya rufaa iliifuta faini hiyo, lakini waandaaji walikuwa wameshaingiwa na hofu. Mwaka uliofuata walimpanda jukwaani Paul McCartney, mzee asiyetarajiwa kuleta fedheha. Funzo la kwanza: anayelalamika kwa utaratibu husikika.

Funzo la pili ni chungu. Aliyeandamwa zaidi ni Janet. Timberlake, ambaye mkono wake ndio uliovuta, alirudi kutumbuiza kwenye jukwaa lile lile mwaka 2018. Kosa la wawili alibebeshwa mmoja, naye ni mwanamke. Kukemea bila uadilifu ni dhulma nyingine.

Kwetu, wapo wanaosema "hii ni burudani tu". Hawa wawaulize wapiga kura wa jimbo la Mikumi, waliomchagua msanii Joseph Haule, Profesa Jay, kuwa mbunge wao mwaka 2015. Msanii ana sauti inayofika mbali. Wapo pia wanaolaani kila kitu bila kukiona wala kukichunguza. Hawa hawana tofauti na shahidi asiyekuwepo.

Basi tufanye nini? Ukiona jambo la fedheha katika kituo cha hapa nchini, andika tarehe, saa na jina la kipindi, kiandikie kwanza kituo chenyewe, na usiporidhika peleka kwa Kamati ya Maudhui ya TCRA. Kibandani mambo ni mepesi zaidi: mwenye kibanda anaishi kwa kiingilio chako. Vijana watano wakimwomba kwa adabu apunguze sauti wakati wa adhana, atapunguza.

Na lililo jepesi kuliko yote halihitaji barua wala kamati. Mapumziko yakifika, nyanyuka. Mtu aliyezingatia Surat Al-Asr hahitaji kuelezwa thamani ya dakika 15.

Wabillahi Tawfiq.