Mbona virusi huua saratani kwenye kisahani lakini hushindwa na uvimbe?

HUENDA umewahi kusoma kwamba virusi vimeangamiza saratani katika maabara, ukajiuliza mbona jamaa yako anayeugua hajapewa tiba hiyo. Jibu moja limo katika namna seli za saratani zinavyokuzwa.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1971, madaktari Bluming na Ziegler waliripoti kuhusu mvulana nchini Uganda ambaye uvimbe wake wa Burkitt ulinywea alipougua surua. Mwaka 2015, Marekani iliidhinisha virusi vya herpesi vilivyorekebishwa, ambavyo hudungwa ndani ya uvimbe wa saratani ya ngozi iitwayo melanoma.

Kisahani na donge

Kwa miaka mingi watafiti wamekuza seli kwenye kisahani bapa, zikitanda safu moja. Fikiria mahindi uliyoanika mkekani: ukinyunyiza dawa ya wadudu, kila punje huipata. Uvimbe mwilini ni kama gunia lililojaa. Ukinyunyiza juu, punje za katikati hazipati kitu.

Ndiyo sababu watafiti hukuza pia seli zikiwa donge dogo la mviringo. Hapa virusi vilivyofaulu kisahanini mara nyingi hulegea:

Kwanza, seli zimesongamana, na huenda zikazungukwa na nyuzi za protini kama kolajeni. Virusi hushindwa kupenya.

Pili, kila aina ya virusi ina "mlango" wake wa kuingilia. Adenovirusi nyingi hutumia protini inayokaa pale seli zinapoungana. Seli zikibanana, mlango hufichika.

Tatu, oksijeni haifiki vyema katikati. Seli za huko huacha kugawanyika, na baadhi ya virusi haviwezi kuzaana vyema ndani ya seli iliyolala.

Si virusi vyote vinavyoshindwa, na donge husaidia kuvichuja mapema. Hata hivyo, donge la kawaida halina mishipa ya damu wala kinga ya mwili.

Ufanye nini?

Ukisikia habari za tiba mpya, uliza: imejaribiwa kwenye kisahani, donge, wanyama au binadamu? Usiache matibabu ya hospitali kwa sababu ya habari za kisahani. Wala usimwambukize mgonjwa surua kimakusudi, yaweza kumuua. Ukiona uvimbe usioisha, muone daktari mapema.