Neno la Siri la Msimamizi

Muhula huu wanafunzi wa Kidato cha Tatu wameniuliza mara nyingi kwa nini siwapi neno la siri la msimamizi wa kompyuta, hali karibu kila programu wanayotaka kuiingiza hulidai. Wengine hudhani ni uchoyo. Swali ni zuri, nami nimeona afadhali nilijibu humu gazetini ili wazazi nao wasome.

Mara nyingi programu huja na skripti, yaani orodha ya maagizo ambayo kompyuta huyafuata mstari kwa mstari: tengeneza folda hii, nakili faili ile, futa ya zamani. Mtumiaji wa kawaida ana ruhusa ya kubadili faili zake tu. Msimamizi hubadili chochote. Na skripti hurithi cheo cha yule aliyeiendesha. Ni sawa na kumpa fundi aliyekuja kutengeneza kitasa kimoja funguo zote za shule, pamoja na ule wa kabati la mitihani.

Sasa tazameni jambo lililotokea mwaka 2011. Palikuwa na programu ya Linux iitwayo Bumblebee, ya kompyuta za mkononi zenye kadi mbili za picha. Skripti yake ya kuingizia ilikusudiwa kufuta kitu kimoja kidogo, lakini mstari wenyewe uliandikwa hivi:

rm -rf /usr /lib/nvidia-current/xorg/xorg

Mwaona ile nafasi baada ya /usr? Kwa kompyuta, nafasi hutenganisha vitu viwili. Basi ikaanza kufuta /usr yote, ambamo Linux huweka sehemu kubwa ya programu zake. Kwa kuwa skripti ilikuwa na cheo cha msimamizi, hapakuwa na cha kuizuia. Hapakuwa na mwizi wala kirusi, ila nafasi tupu moja.

Mwaka 2015 skripti ya Steam, programu ya michezo, ilitafuta jina la folda yake ikapata utupu, kisha ikafuta kila ilichoweza kuanzia mzizi wa diski. Hiyo iliendeshwa na mtumiaji wa kawaida. Mfumo ulisalimika, lakini faili za mwenyewe zilikwenda, hata zile za diski ya nje. Kwa hiyo cheo kidogo hulinda mashine, wala hakilindi daftari zako. Ndiyo sababu alama zenu za muhula zina nakala katika diski isiyokaa chumba kile.

Amri ya sudo ilibuniwa mwaka 1980 katika chuo kikuu kimoja cha Buffalo, Marekani, ili mtu apewe mamlaka kwa amri moja tu, kisha ayarudishe. Windows nayo, tangu Vista ya mwaka 2007, huleta kisanduku cha kuuliza kama mtu anakubali. Wengi hubonyeza Ndiyo kama mtu aitikiaye amina kabla dua haijaanza.

Huku kwetu Kibondo programu nyingi hufika kwa flashi, na flashi iliyopita mikono mitano haijulikani imebeba nini. Mimi hupendelea faili itokayo kwa watengenezaji wenyewe, tena nikalinganisha alama yake ya SHA-256 na ile waliyoitangaza. Lakini alama hiyo huthibitisha tu kwamba faili ni ileile waliyoitoa. Haithibitishi kwamba wao hawakukosea. Ile ya Bumblebee ingelingana kabisa! Hapana budi kuifungua skripti na kuisoma, hasa penye rm na sudo, na kujiuliza: programu ya kujifunza kuchapa yataka nini katika folda za mfumo? Kisha huijaribu katika kompyuta moja kuukuu kabla ya nyingine.

Anayetaka programu mpya aandike jina lake katika daftari lililo mlangoni kabla ya Alhamisi. Ijumaa baada ya vipindi tutaifungua skripti pamoja ubaoni, nami nitaandika neno la siri mwenyewe.