Somo la Wiki: Sufuria ya Gilgali na Gunia la Dada Yetu

Kusoma: 2 Wafalme 4:38–41

Jumapili moja baada ya ibada dada mmoja alinivuta kando. Misimu miwili ya ukame, na safari hii amevuna magunia mawili tu. Moja limeota ukungu wa kijani. Akaniuliza, "Pastor, tukiliombea si tutakula?" Nilikosa jibu la haraka, maana najua kwake kuna watoto wanne.

Twende Gilgali. Njaa imeingia nchini. Mtu mmoja anaenda kutafuta mboga, anarudi na nguo imejaa matango ya mwitu, anayakatia chunguni bila kuyajua. Hakuwa na nia mbaya, na Elisha hamkemei popote. Lakini angalieni hapa: walipoonja walipiga kelele na kuacha kula. Na njaa yote ile, waliacha! Unga uliitishwa baadaye.

Sisi wa Ukambani tunaijua sufuria hiyo. Mwaka 2004 watu 317 waliugua kwa sumukuvu na 125 wakafa, wengi wao Makueni na Kitui. Macho manjano, tumbo kuvimba, ini kushindwa kazi. Mengi ya mahindi yale yalitoka shamba la mtu mwenyewe, yakawekwa ndani ya nyumba yakiwa bado na unyevu. Mama yangu pia aliweka yetu chini ya kitanda, kwa kuogopa wezi. Tulipona kwa neema, si kwa ujanja.

Ukame huuchosha mhindi ungali shambani, na kuvu hiyo hupenda mmea uliochoka. Mvua ikikuta mavuno hayajakauka, basi. Na sumu haiondoki kwa moto: githeri ichemke mpaka jioni, bado imo. Kukoboa muthokoi hupunguza, hakumalizi. Tena punje inaweza kuonekana safi kabisa na iwe na sumu. Ukimpa ng'ombe, inapita kwa maziwa na kumrudia mtoto yuleyule uliyemnyima ugali. Na kuliuza kwa gorogoro sokoni ni kumpikia jirani.

Najua kuna atakayenitajia Marko 16. Ndugu yangu, Yesu alipoambiwa ajirushe kutoka juu ya hekalu, alikataa (Mathayo 4). Kuombea chakula ni haki yetu. Kupika kile unachojua kimeharibika ni jambo lingine.

Gunia la dada tulilifukia Jumanne. Alilia, na mimi sikuwa na maneno. Ukimwambia mtu atupe chakula wakati wa njaa na mkono wako mtupu, umemhubiria nusu. Kina mama walichanga madebe mawili jioni hiyo. Bado hayatoshi mpaka mvua ije, kwa hivyo mwenye nacho aone mzee wa kanisa, si lazima jina litangazwe.

Kabla ya sadaka ya mavuno, kila mtu ajaribu nyumbani. Chukua chupa ya kioo iliyokauka, tia mahindi mpaka theluthi, ongeza chumvi kavu kidogo, funga, tikisa, ngoja dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi: yarudishe kwa jua, juu ya turubai, si juu ya udongo. Hiyo inapima unyevu, haipimi sumu. Yenye ukungu usiyalete kabisa. Nitakuwa mlangoni na chupa yangu kuanzia saa mbili asubuhi.