Somo la Kiingereza: Neno "Until"

Ndugu msomaji, neno hili ni dogo, lakini huandikwa juu ya chupa za dawa, na asiyelielewa aweza kuwadhuru watu wa nyumbani kwake.

Maana yake ni "mpaka" au "hadi". "Wait until Monday" ni kusema, ngoja mpaka Jumatatu.

Sasa tazama onyo hili la dawa ya wadudu: "Do not harvest until 7 days after spraying." Halisemi uvune katika siku hizo 7. Lasema usivune kabisa mpaka siku 7 zitimie tangu uliponyunyiza. Ukinyunyiza sukuma wiki tarehe 1, usichume kabla ya tarehe 8, ili dawa ipate kupungua katika majani. Siku si sawa kwa kila dawa. Soma chupa yako.

Kanuni: Kwa Kiswahili twasema, "Ngoja mpaka mvua itakapokoma." Kwa Kiingereza, usitie "will" baada ya "until". Sema "Wait until the rain stops", wala si "until the rain will stop".

Tena, "until" ina "l" moja, bali "till", yenye maana ile ile, ina mbili.

Zoezi: "Do not sell the milk until 3 days after the last injection." Ng'ombe wako amepigwa sindano ya mwisho Jumatatu jioni. Je, utauza maziwa yake lini?

Jibu: Si kabla ya Alhamisi jioni.