SOMO LA KIKUNDI: TAZAMA KIVULI CHAKO KWANZA



Mwezi huu somo letu ni la kamera. Wengine watauliza, kamera na maendeleo wapi na wapi? Wacha tuwaeleze yaliyotupata.

Ndovu walitoka mbugani usiku wakaingia shamba la mzee mmoja upande wa Sagalla, wakalaza mahindi yote. Asubuhi mzee alituita tumpigie picha, maana Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inaruhusu mkulima kudai fidia ya mazao. Tukaenda na kamera ya kikundi, tukaiacha kwenye otomatiki, tukabonyeza. Kuzitazama jioni, mbingu ilitoka nzuri ajabu, lakini shamba lilikuwa giza na nyayo hazionekani. Mzee mwenyewe, aliyesimama jua likiwa mgongoni, hakuwa na uso. Akatuuliza, "Wanangu, huyu ni nani?" Tuliporudi kesho yake, mbuzi walikuwa wamezikanyaga nyayo zote.

Kosa halikuwa la kamera. Otomatiki hupima mwanga wote ulio mbele yake na kutafuta wastani. Mbingu ya Voi ni kali, basi kamera hupunguza mwanga, na uso wetu mweusi huzama gizani. Kamera haijui kama umekuja kwa ajili ya mbingu au kwa ajili ya mzee. Wewe ndiwe unayejua. Kwa hiyo zungusha gurudumu mpaka herufi M, uamue mwenyewe.

Mambo ni matatu tu:

1. Mwanya wa lenzi. Huu ni kama dirisha. Tundu la f/4 ni kubwa, la f/16 ni dogo. Usichanganyikiwe: mkate ukigawiwa watu 16, kipande ni kidogo kuliko ukigawiwa watu 4.

2. Kasi. Ni muda ambao mlango wa kamera unakaa wazi. 1/125 ni sehemu ndogo sana ya sekunde. Ukishuka chini ya 1/60, mkono hutikisa picha.

3. ISO. Ni wepesi wa kamera kuhisi mwanga. Ukiipandisha utaona hata penye giza, ila picha huanza kuwa na chengachenga.

Sasa, utajuaje namba ya kuanzia? Weka ISO 100 na kasi 1/125, kisha tazama kivuli chako chini:

- Kivuli cheusi, ukingo umekatika wazi, kama Voi saa sita mchana: f/16.
- Ukingo umefifia kidogo: f/11.
- Kivuli kinaonekana kwa shida: f/8.
- Hakuna kivuli, mawingu mazito kama ya Wundanyi: f/5.6.
- Mtu yuko kivulini mwa nyumba, au amelipa jua mgongo: f/4.

Piga moja, itazame. Ni giza? Fungua mwanya hatua moja. Imeungua? Funga hatua moja.

Turudi kwa mzee wetu. Kwa f/4 uso wake ungeonekana, na mbingu ingekuwa nyeupe. Iache iwe nyeupe! Hatudai fidia ya mbingu.

Kwa nyayo, nenda mapema jua likiwa bado chini. Mwanga wa ubavuni hutia kivuli ndani ya unyayo, kina chake kikaonekana. Saa sita jua liko utosini na unyayo hupotea kama haukuwepo. Asubuhi hiyo mwanga ni hafifu kuliko wa mchana, basi anza na f/8. Weka jembe kando ili ukubwa ujulikane. Piga picha tatu: shamba zima pamoja na mti au nyumba inayojulikana, mistari iliyoharibiwa, halafu unyayo. Hakikisha tarehe ndani ya kamera ni sahihi. Wala picha si badala ya ripoti: wapelekee KWS habari upesi, na usisafishe shamba kabla halijakaguliwa.

Mwenye simu tu asivunjike moyo. Katika simu nyingi, ukigusa uso wa mtu kwenye kioo kabla ya kubonyeza, simu hupima mwanga wa pale.

Hofu ya mwanzo tunaijua. Zamani za filamu, roli ilikuwa na picha 36 na kila kosa lilikula pesa. Kwa kamera za kidijitali kosa hufutwa, basi kosea kwa wingi, lakini andika namba zako kwenye daftari. Sisi tulifanya hivyo Jumamosi nne nje ya kanisa, tukimpiga mtu yule yule saa moja asubuhi, saa sita na saa kumi na moja jioni. Ndovu walipoingia shamba lingine, picha zetu zilisomeka. Fidia ina safari ndefu na picha haiifupishi, lakini safari hii hakuna aliyeuliza kama ni ndovu au ng'ombe.

Kitabu cha Mwanzo kinaanza na nuru. Nasi tunajifunza kuipokea kwa kipimo.

Maswali ya kikundi:
1. Sasa hivi kivuli chako kikoje? Utaanza na namba gani?
2. Kwa nini f/16 hupitisha mwanga mdogo kuliko f/4?
3. Nani kijijini angehitaji picha inayosomeka wiki hii?