Somo la Afya: Saratani na Urithi katika Ukoo



Nikiwa Ikwiriri kwa ukaguzi wa vitabu, mwanachama mmoja aliniuliza kama ni haki kukataa posa ya kijana ambaye mdogo wake alitolewa jicho kwa saratani. "Ukoo ule una laana," alisema. Mimi ni mkaguzi, si tabibu. Lakini swali hilo lilistahili jibu, nami nikalitafuta.

Mwili umejengwa kwa chembe hai ziitwazo seli. Seli hujigawa kwa kunakili maagizo yake, kama karani anakilivyo daftari. Nakala ikikosewa mahali panapozuia ukuaji, seli huongezeka pasipo kikomo. Uvimbe wa kawaida hukaa mahali pake. Saratani hupenya nyama za jirani na kusafiri katika damu. Matabibu huithibitisha tofauti hiyo kwa hadubini.

Saratani ya jicho la mtoto, yaani retinoblastoma, ndiyo iliyofumbua fumbo la urithi. Mwaka 1971 Daktari Alfred Knudson wa Marekani, akichunguza habari za wagonjwa 48, alieleza jambo ambalo mweka hazina yeyote atalifahamu upesi. Fikirini kasha la chama lenye kufuli mbili. Kila seli ina kufuli mbili za kuzuia saratani hiyo, moja ya baba na moja ya mama. Kwa mtoto wa kawaida sharti zote mbili zivunjike katika seli ile ile, jambo lililo nadra. Akiugua, huugua jicho moja. Aliyerithi kufuli moja mbovu amebakiwa na moja tu katika kila seli. Ndiyo maana mara nyingi huugua macho yote mawili, tena mapema zaidi.

Kinachorithiwa, basi, ni kufuli mbovu, wala si saratani yenyewe. Watoto wengi wenye ugonjwa huu hawakuurithi. Kijana aliyekua bila kuugua aghalabu hana kufuli hiyo. Posa yake isikataliwe kwa sababu hii.

Saratani nyingi za wakubwa pia si za ukoo. Ile ya kibofu huweza kuletwa na kichocho cha muda mrefu, nacho hushikwa majini.

Mboni ya mtoto ikitoa mng'ao mweupe kama jicho la paka usiku, au akianza kengeza, apelekwe Kituo cha Afya mara moja, na wadogo zake wapimwe pia. Katibu aandike barua ya safari ya Muhimbili siku hiyo hiyo. Malipo ya ufuta yasingojwe.